Azima ya Winfred

Winfred Mwende mnayemsifia kila mahali, mimi namjua. Namjua vizuri kuliko Reuben dereva anayejifanya msemaji wake, na kuliko wale kina mama wa mtaa wa Al-Malqa wanaomtumia maua ya plastiki kila siku ya walimu. Wacha niwasimulie habari zake, na mkiona naongea kwa uchungu, basi mjue uchungu upo na siuoni haya.

Kwanza mjue mimi ni nani. Naitwa Roseline, nyumbani ni Bungoma, na nafanya kazi ya ndani Riyadh, katika nyumba kubwa yenye geti la rangi ya maziwa. Madam anafanya kazi benki. Baba wa nyumba yuko katika mambo ya meli na makontena. Mtoto wao ni mmoja, Lujain, na huyo mtoto nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa juu ya mto. Neno lake la kwanza duniani lilikuwa "maziwa". Hakusema halib, alisema maziwa, na aliniambia mimi. Madam alikuwa kazini.

Basi Lujain akakua na lugha mbili mdomoni: Kiarabu cha wazazi wake, na Kiswahili changu. Nyumbani alikuwa kasuku. Anakufuata jikoni anaongea, unapiga pasi anaongea, umefunga mlango wa choo yuko nje anaongea. Lakini alipoanza shule, jamani, mdomo ukafungwa. Akivuka geti la shule tu, basi. Mwaka mzima wa kwanza hakutoa neno, si kwa mwalimu, si kwa mtoto mwenzake. Akitaka kwenda msalani alisimama karibu na mlango mpaka mtu amwone.

Madam akampeleka kwa daktari mmoja wa watoto. Daktari akasema huyu amejaziwa lugha nyingi, ile ya shule ni Kiingereza, ya nyumbani Kiarabu, na hiyo nyingine ni ya nini? Madam akarudi na macho mekundu, akaniita sebuleni. "Rozi, halas, basi. Kuanzia leo mafi Swahili. Hakuna kabisa." Nikasema sawa madam. Ningesema nini? Nikawa namwogesha mtoto wangu kimya kimya, namsugua mgongo huku nimebana midomo, na yeye ananiangalia kama aliyenikosea kitu.

Na shule nayo ikaleta maneno yake. Wakasema mwaka huu wa pili ukiisha bila Lujain kusema kitu darasani, hawataweza kukaa naye, itabidi atafutiwe shule ya watoto wenye shida. Madam alilia siku hiyo mbele yangu, na si mtu wa kulia mbele ya mfanyakazi. Mimi nililia jikoni.

Hapo ndipo Winfred alipoingia.

Nilimsikia kwa mtoto kabla ya kumwona. Nilikuwa namsuka Lujain nywele, milango imefungwa, madam hayupo, akaninong'oneza, "Rozi, shuleni kuna mtu anaongea kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Kama wewe. Ana vitabu."

Kama mimi! Kitana kikanitoka mkononi. Nikauliza, nikadadisi, mpaka nikajua: shule imeleta mkutubi mpya, Mkenya, Mkamba wa huko Mwingi. Lujain alikuwa amejificha nyuma ya rafu ya vitabu, anahesabu migongo ya vitabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, vile mimi nilivyomfundisha kuhesabu mayai kwenye trei. Na upande wa pili wa rafu, sauti ikaendelea: "Nne, tano, sita." Mtoto akakimbia. Lakini kesho yake akarudi mwenyewe nyuma ya rafu ile ile, akaanza tena moja, akangoja.

Nyinyi mnaona ni jambo zuri. Mimi niliona mtu ameingia nyumbani kwangu bila kubisha. Miye nimekatazwa kusema hata "njoo ule" kwa mtoto niliyemlea, na mwingine huko, kwenye kiyoyozi, na kitambulisho kinaning'inia shingoni, anahesabu naye kwa raha zake!

Wiki hiyo hiyo nikaenda na Reuben kumchukua Lujain. Reuben ni wa Kakamega, ameendesha gari la ile nyumba miaka, mdomo haupumziki. Tuko getini, mwanamke akatoka na raba nyeupe, sketi ndefu, miwani juu ya kichwa, akanijia moja kwa moja. "Wewe ndiye Rozi?"

"Ndiyo mimi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna ubaya, dada. Lujain anakutaja sana."

"Anakutajia kwa lugha gani?"

Akacheka. "Kwa Kiswahili, si ndicho anachojua?"

"Madam amekataza hicho Kiswahili."

"Amekataza nyumbani kwake," akasema, bila hata kupepesa. "Maktabani bado sijaambiwa kitu."

Mnaona kiburi hicho? Ningeweza kumwambia madam siku hiyo hiyo. Sikusema, lakini msinipe sifa, nilikuwa namwekea kiporo tu. Njia nzima ya kurudi Reuben akawa anamsifia. Ati kwao Ukambani alisomea kazi ya maktaba chuoni. Ati shule yake ya kwanza kule, maktaba ilikuwa stoo ya maharagwe na magongo ya hoki, na yeye akayabeba magunia kwa mgongo wake mwenyewe akayatoa, akafukuza panya, akaweka vitabu. Ati wasichana wa shule ile walikuwa wanakosa mandazi ya saa nne ili wapate nafasi ya kukaa. Nikamwambia Reuben, "Angalia barabara."

Lakini kweli ni kweli, na mimi sitaki kuitwa mwongo. Kazi yake niliiona kwa macho yangu, kwa sababu kuanzia hapo nikawa natafuta kila sababu ya kuingia shuleni. Mara nimeleta chupa ya maji iliyosahauliwa, mara sweta. Na chupa nyingine niliziacha nyumbani makusudi.

Maktaba ile zamani ilikuwa chumba cha kuwekea watoto waliogombana. Winfred aligeuza vitabu vikawa vinatazama watu kwa uso, badala ya kuonyesha migongo tu. Wale wasiojua Kiingereza aliwapa vitabu vya picha visivyo na neno hata moja, kisha anakaa nao chini anauliza, "Hapa kumetokea nini?" Mtoto akirudisha kitabu hajakimaliza, hamuulizi kwa nini, anampa kingine. Kikirudi kimechanika, anatoa gundi na utepe wa plastiki, anamkalisha yule aliyekichana, wanakitibu pamoja. Alikuwa na ngamia wa sponji kwenye kona, na mtoto anayeogopa kusoma mbele ya watu anamsomea ngamia. Anawafuata walimu kwenye korido, "Wiki ijayo mnafundisha nini? Mimea? Volkano?" na Jumapili asubuhi, maana huku wiki huanza Jumapili, sanduku la vitabu vya volkano liko mlangoni pa darasa. Nilisimama pale na chupa yangu ya maji, nikatafuta kosa. Nikapata moja tu, sauti yake ya Kikamba inavyovuta maneno, na hilo nalo Lujain alishaanza kuliiga.

Hilo lilinichoma zaidi. Nimemsikia mtoto wangu, bafuni, akijiimbia kwa Kiswahili cha Mwingi.

Na jioni zikabadilika. Zamani, kabla ya marufuku, jioni ilikuwa yangu. Lujain alikuwa ananiomba hadithi ya fisi, na mimi namfanyia fisi mpaka anaficha kichwa kwenye blanketi. Hata baada ya marufuku tulikuwa na fisi wa kunong'ona. Sasa anarudi na begi limejaa vitabu, anakaa kitandani anafungua mwenyewe. "Rozi, Misi Winfred anasema tuangalie macho ya sungura, tujue kama anadanganya." Nikasema, "Na fisi je?" Akasema, "Fisi kesho." Kesho ikaja na kitabu kingine.

Reuben akaliona hilo. "Rozi," akasema asubuhi moja, anafuta kioo cha gari, "naona umeletewa mke mwenza." Nilikuwa na chupa ya chai mkononi. Mungu aliniona tu, nusura niitupe.

Basi siku moja adhuhuri simu ya nyumba ikalia. Ni madam, kutoka benki, anapiga kelele mpaka nikafikiri kuna ajali. "Rozi! Lujain amezungumza! Shuleni! Mbele ya darasa zima!" Nikakaa chini sakafuni pale pale na kitambaa cha vumbi. Akanieleza, maneno yanagongana. Darasa lilikuwa maktabani. Lujain akachukua kitabu, akakipeleka mezani kwa Misi Winfred, akakiweka, akasema kwa sauti mpaka mwalimu wao, Mjordani, akageuka: "Azima."

"Unasikia, Rozi? Azima! Mwanangu amewaalika wenzake! Neno lake la kwanza shuleni ni ukarimu, kama babu yake! Alhamisi tunawafanyia azima, darasa lote, walimu wote!"

Na akakata simu.

Nyinyi mnaojua Kiarabu cha Riyadh mmeshaelewa. Kwa wenyeji wa huku, azima ni mwaliko, ni karamu, ni kondoo mzima kalala juu ya wali. Lakini Lujain hakumwalika mtu. Alisema azima yetu sisi, ya kuomba kitu uende nacho halafu ukirudishe. Na hilo neno nilimpa mimi! Alipokuwa akinyang'anya binamu zake wanasesere, ni mimi niliyemshika mkono nikamwambia, "Hatunyakui, tunasema naomba kuazima." Neno langu, nililolifundisha kwa jasho langu, likaenda kutolewa kwenye meza ya Winfred, na sifa zikashukia hapo.

Ningemwambia madam? Nikimwambia ni Kiswahili, ataniuliza nani anaongea Kiswahili na mtoto. Nikinyamaza, napika. Nikanyamaza nikapika. Nilipika kabsa, wali wao wa nyama, sufuria kubwa kubwa, nikakaanga sambusa, nikapanga tende, nikachemsha gahwa, kahawa yao ya iliki, na kila kitunguu nilichokata nilisema jina la Winfred. Napika karamu ya kumpongeza aliyeninyang'anya mtoto! Wivu huo hata sikuuficha, nilikuwa nao kama homa.

Alhamisi tukaingia shuleni mimi na Reuben na masinia. Wakasema karamu ni maktabani, kwa sababu ndipo neno liliposemwa. Mngemwona Winfred! Kwanza alidhani tumekosea chumba. Kisha alipoona mafuta ya kondoo yanang'aa na watoto wote wanakuja mikono mitupu, akaanza kukimbia. Akavuta mapazia akafunika rafu. Akamkimbiza ngamia wa sponji juu ya kabati. Akawa anapita na tishu nyuma ya kila mtoto, "Mikono, mikono jamani, tafadhali." Mimi nikaongeza wali kwenye sinia lililokuwa karibu na vitabu. Ndiyo, niliongeza.

Watu waliposhiba, madam akasimama. Akamshika Winfred mabega, akampa kisanduku cha udi, akasema kwa Kiingereza na kwa Kiarabu kwamba huyu mwanamke amemfungua binti yake ulimi. Watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Lujain. "Habibti, tuambie tena. Ulisema nini siku ile?"

Lujain akatazama viatu vyake. Macho yote kwake. Niliona shingo yake inavyozama mabegani, na hasira zote zikanipanda kwa mpigo, nikafungua mdomo.

"Madam, si karamu hiyo! Azima ni kuazima kitabu. Ni Kiswahili! Na nimemfundisha mimi, hajamfundisha huyu!"

Niliyasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, lakini kilieleweka. Mwalimu Mjordani akaweka sambusa chini. Winfred alinitazama kana kwamba nimemwaga chai juu ya vitabu vyake. Nilitaka agombezwe, nasema wazi. Nilitaka madam amuulize kwa nini anamsemesha mtoto lugha iliyokatazwa, na yeye ababaike kidogo mbele ya watu.

Madam akamuuliza. "Ni kweli? Ni Kiswahili?"

"Ni kweli, madam," Winfred akasema, hata sauti haikutetemeka. "Ndiyo lugha aliyokuja akijihesabia nayo huku nyuma ya rafu. Nikaanzia alipokuwa. Na anachosema Rozi ni kweli pia, maneno yote ametoka nayo kwake."

Madam akatazama masinia. Akatazama mifupa ya kondoo. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikajua nimefukuzwa kazi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, akashika meza. "Mwanangu ameomba kitabu, na mimi nimemletea kondoo!" Walimu nao wakaangua kicheko, na Lujain mwenyewe akacheka, kwa sauti, shuleni.

Marufuku yakaisha pale pale. Nikasema moyoni, haya, sasa watanitambua. Madam akapangusa macho, akamshika Winfred mkono. "Misi Winfred, nakuomba, endelea naye hicho Kiswahili. Wewe unajua namna." Kisha akanigeukia mimi. "Rozi, gahwa."

Nikamimina gahwa.

Kuanzia hapo ikawa Winfred kwenda mbele. Lujain alianza kujibu darasani, kwanza kwa neno moja, kisha mawili. Akamsomea ngamia Kiingereza, akamsomea mwalimu, mpaka siku akasimama akasoma mbele ya wazazi, na madam akapiga picha yeye na Winfred na mtoto katikati. Mimi nilishika mkoba wa madam. Winfred aliniita, "Dada Rose, njoo nawe upigwe picha." Nikasema mkoba ni mzito. Mara mbili alinialika nije maktabani niwafanyie watoto hadithi ya fisi. Amepata wapi habari za fisi wangu? Nikamjibu sina muda. Nilikuwa nao.

Halafu Mungu akanikumbuka. Baba wa nyumba akapata cheo kwenye ofisi moja katika bandari ya Jeddah, na familia nzima ikatakiwa kuhama mapumziko ya katikati ya mwaka. Mimi naenda, Reuben anaenda, Winfred anabaki. Lujain alilia siku tatu, hali chakula. Mimi nilifunga masanduku huku naimba. Reuben akaniambia, "Rozi, wewe una roho." Nikamwambia, "Ninayo, na imepona."

Jeddah joto lake ni la kunata, lakini niliipenda. Dirisha la jikoni unaona winchi za bandarini zinainua makontena. Nikasema sasa ni mimi na mtoto wangu, kama zamani. Jioni ya kwanza nikamfanyia fisi, akacheka. Sikuwa na shaka na kitu.

Shule mpya ilikuwa na maktaba, tena nzuri kwa macho. Makabati ya vioo, vitabu vimepangwa kama vikombe vya wageni, na kufuli. Ufunguo anao naibu wa mkuu, na naibu ana shughuli. Nilipouliza mtu wa maktaba yuko wapi, mlinzi alidhani nauliza duka la kalamu, maana huku hilo nalo huitwa maktaba. Lujain akavuka geti la shule hiyo, na mdomo ukafungwa tena. Wiki ya kwanza tukasema ni ugeni. Ya pili, ya tatu. Shule ikamwita madam, ikamwambia maneno yale yale ya Riyadh, kwamba mwaka ukiisha hivi watafute pengine. Madam alirudi, hakulia safari hii, akavua abaya akakaa nayo mapajani.

Nikasema kazi hii nitaifanya mwenyewe. Kwani Winfred ana nini? Nikanunua vitabu kwenye duka la kalamu, nikaondoa nguo chafu kwenye kona ya chumba cha kufulia, nikatandika mkeka, nikaweka mto. Nikamkalisha Lujain. "Soma."

Akasoma maneno mawili, akakwama kwenye la tatu. Nikamwambia la tatu. Akaendelea, akakwama. Nikamwambia. Mimi Kiingereza cha darasa la nane ninacho, na sipendi kuona mtoto anateseka. Tukafika mwisho wa kitabu upesi sana, nikapiga makofi. "Umeona? Tumemaliza!"

Lujain akafunga kitabu. "Umesoma wewe," akasema.

"Tumesoma wote."

"Hapana, Rozi. Wewe unanisemea. Mama akiniuliza kitu, unajibu wewe. Nikitaka juisi, unasema wewe. Siku ya kondoo ulisema wewe." Hakuwa amekasirika hata. Alikuwa ananieleza tu. "Misi Winfred ananingoja."

Jamani, mimi ni binadamu. Damu ikanipanda. "Basi nenda ukaishi na huyo Misi Winfred wako! Nenda! Akuogeshe, akupikie, akusuke hizo nywele!"

Alinitazama, na nikaona ile shingo inazama mabegani. Nikamwita, "Lujain." Kimya. Nikamwita mamangu, nikamwita kipenzi. Kimya. Jioni nikamfanyia fisi, na wakati wa fisi kulia nikalia kama fisi kweli kweli. Alinitazama kwa adabu, kama anavyowatazama walimu. Kesho yake asubuhi nikamuuliza anataka yai au jibini, akasimama karibu na friji mpaka nikaifungua. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto aliyenifuata mpaka mlango wa choo, sasa ameniweka upande ule mwingine, wa watu wa ndani ya geti la shule.

Nikashuka kwa Reuben anakoegesha gari. "Nipe namba ya Winfred." Akafungua mdomo kutania, akaniona uso, akanipa.

Nilipiga baada ya Alasiri, wakati madam bado yuko kazini. Akapokea. Sikumsalimia vizuri, nikasema, "Ni Roseline. Mtoto amenyamaza. Hata kwangu."

Nikasikia Winfred anafunga mlango. Kisha akasema, "Mpe simu, iwe na sauti ya nje. Wewe kaa hapo hapo naye. Lakini usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Lolote, dada Rose."

Nikamvuta Lujain kwa mkono hadi chumba cha kufulia. Nikaweka simu juu ya mkeka, katikati ya mimi na Lujain, na kitabu. Sauti ya Winfred ikatoka, "Hujambo, Lujain? Mimi niko." Basi, akanyamaza. Nikangoja aseme kingine, hakusema. Ningesema mtandao umekatika, lakini nilisikia kiti chake kikilia huko Riyadh. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Lujain alitazama simu muda mrefu, kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole.

Alisoma polepole. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kulikuwa na neno refu, likamshinda. Kidole kikasimama. Nililiona neno lile, nalijua, lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikashika ncha ya leso yangu nikaisokomeza mdomoni. Simu kimya. Mtoto akajaribu mwanzo wa neno, akaacha. Akajaribu tena, akalikata katikati, akalirudia. Nilikuwa natoka jasho na kiyoyozi kinawaka. Halafu akalisema lote, sawasawa, kwa nguvu, likagonga kuta za chumba kile.

Akaruka akapiga magoti juu ya mkeka, uso unawaka, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Umesikia? Misi Winfred, umesikia?"

Winfred akasema amesikia. Mimi pia nilikuwa nimesikia, tena kabla yake, maana nilikuwa goti kwa goti na mtoto, leso mdomoni. Lakini mimi Lujain hakuniuliza.